Ngome na Daftari la Kodi: Wazao wa Waskoti Wanapotafuta Nasaba Yao

Miongoni mwa wageni wanaomiminika kila kiangazi katika Nyanda za Juu za Uskoti, yaani eneo la milima, maziwa na visiwa lililoko kaskazini na magharibi mwa nchi hiyo, wamo wengi waliozaliwa Kanada, Marekani, Australia na Nyuzilandi ambao hawakufuata mandhari bali nasaba, na ambao hufika wakiwa na vitu viwili tu, jina la ukoo walilorithi kwa baba na jina la ngome ambayo wameambiwa kuwa ndiko walikotoka wazee wao. Hamu hiyo si ya kudharauliwa, na Waswahili, ambao husema kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, hawatashindwa kuielewa. Hata hivyo, nyaraka za Uskoti zenyewe zinaonyesha kwamba ngome ina uhusiano na wahenga wa wageni hao kwa namna ambayo wengi wao hawaitarajii, kwa kuwa mara nyingi mhenga hakulala ndani ya ngome hata usiku mmoja, na kilicholala humo kwa miaka mia mbili au mia tatu ni jina lake, katika daftari la kodi.

Neno ngome hapa linatumika kwa maana ya jumba la mawe lenye kuta nene, lililojengwa na mkuu wa ukoo kwa ajili ya makazi, ulinzi, kuhukumu kesi na kupokea kodi ya ardhi, nayo kodi hiyo kwa karne nyingi haikulipwa kwa fedha pekee bali pia kwa unga wa shayiri, siagi, jibini, kondoo na kuku. Neno ukoo nalo linahitaji maelezo, kwa sababu katika lugha ya Kigaeli, lugha ya asili ya Nyanda za Juu, neno “clann” maana yake ni watoto, na kiambishi “Mac” kinachotangulia majina mengi ni sawa na “bin” ya majina ya pwani ya Afrika Mashariki, yaani mwana wa fulani. Kwa lugha hiyo ukoo unaonekana kuwa ni kizazi cha mtu mmoja, lakini katika maisha ya kila siku ulikuwa ni kundi la watu walioishi katika ardhi ya mkuu mmoja na kumfuata vitani, baadhi yao wakiwa ndugu zake wa damu, wengine wakiwa milango midogo yenye majina yake iliyoomba ulinzi, na wengine, ambao pengine ndio waliokuwa wengi zaidi, wakiwa wakulima na wafugaji waliokuwapo kabla ya mkuu huyo kuipata ardhi au waliohamia baadaye.

Kosa la kwanza la watafutaji wa nasaba linaanzia hapo, katika jina. Katika vijiji vya Nyanda za Juu mtu hakujulikana kwa jina la ukoo bali kwa kile ambacho Wagaeli hukiita “sloinneadh”, yaani kutajwa kwa nasaba mdomoni, Iain mwana wa Domhnall mwana wa Ruairidh, hadi vizazi vitano au sita, jambo ambalo mzee wa Lamu au wa Pemba asingeliona geni hata kidogo. Jina la ukoo lilihitajika pale tu mtu alipokutana na karani, awe wa kodi, wa kanisa au wa jeshi, na wengi waliokutana na karani huyo walijiandikisha kwa jina la mkuu wao. Yapo masimulizi ya kale kuhusu ukoo wa Fraser yanayosema kuwa maskini waliokubali kujiita Fraser walipewa kipimo cha unga, na hata kama simulizi hilo limetiwa chumvi, linaonyesha kuwa Wagaeli wenyewe walijua vizuri kwamba si kila Fraser ni Fraser. Mfano wa kinyume chake ni wa ukoo wa MacGregor, ambao jina lake lilipigwa marufuku na mfalme mwaka 1603 na, ukiondoa kipindi kimoja cha katikati, halikuruhusiwa tena kikamilifu hadi mwaka 1774, hivyo kwa muda wa vizazi kadhaa watu wake walijiita Campbell, Drummond, Murray, Graham au Stewart. Mjukuu wao wa leo huko Ontario, ambaye huenda anasimama mbele ya ngome ya akina Campbell akitokwa na machozi ya furaha, anaweza kuwa analilia nyumba ya watu waliowawinda wazee wake.

Pengine hakuna ngome inayoonyesha mkanganyiko huu vizuri kuliko Eilean Donan, iliyoko kwenye kisiwa kidogo mahali panapokutana mikono mitatu ya maji, Loch Duich, Loch Long na Loch Alsh, na ambayo picha yake imechapishwa katika kalenda na mikebe ya biskuti kiasi kwamba watu wengi wakitaja ngome ya Kiskoti ndiyo wanayoiona akilini. Ngome hiyo, iliyoanza kujengwa katika karne ya 13, ilikuja kuwa mali ya akina Mackenzie wa Kintail, ambao baadaye walipewa cheo cha Earl wa Seaforth, na walinzi wake walikuwa ni ukoo wa MacRae, watu walioaminiwa na akina Mackenzie kiasi cha kubandikwa jina la fulana ya chuma ya Mackenzie, yaani vazi la vitani linalozuia mkuki usifike kifuani. Kwa hiyo MacRae wa leo anayeitazama Eilean Donan kuwa ni nyumba ya ukoo wake yuko sahihi kwa upande mmoja na amekosea kwa upande mwingine, maana wazee wake walishika funguo za nyumba ambayo haikuwa yao.

Mwaka 1719, katika jaribio la kumweka katika kiti cha enzi mrithi wa nasaba ya Stuart aliyekuwa uhamishoni, askari wachache wa Hispania waliwekwa ndani ya ngome hiyo kulinda baruti, na tarehe 10 Mei meli za kivita za serikali ya Uingereza ziliingia, zikaipiga kwa mizinga, zikawateka Wahispania na kuilipua ngome kwa baruti yao wenyewe. Mwezi mmoja baadaye jaribio lote lilishindwa katika mapigano ya Glen Shiel, Earl wa Seaforth akakimbilia Ulaya bara, na ardhi yake, iliyokwisha kunyang’anywa, ikawekewa wasimamizi wa serikali, lakini wakulima wa Kintail hawakuwalipa wasimamizi hao, kwa kuwa kwa miaka kadhaa Donald Murchison, wakili wa Seaforth katika mambo ya ardhi, aliendelea kukusanya kodi na kuipeleka ng’ambo kwa bwana wake. Yafaa kutua kidogo katika jambo hilo, kwa sababu linapingana na dhana kwamba ukoo ulikuwa ni kuta: kuta zilikwisha kuanguka, mkuu alikuwa hayupo, na bado watu walijua wanamlipa nani.

Eilean Donan ilibaki gofu kwa karibu miaka 200. Mwaka 1911 ilinunuliwa na afisa wa jeshi aliyeitwa John MacRae-Gilstrap, ambaye kwa usimamizi wa Farquhar MacRae aliijenga upya kwa muda wa miaka ishirini hivi, na kazi ikakamilika mwaka 1932. Daraja la mawe ambalo wapiga picha hulipenda sana ni la wakati huo huo. Wazee wa karne ya 17 hawakulijua. Jengo analolishika mgeni kwa mikono yake akidhani kuwa anagusa mawe yaliyoguswa na wahenga wake lina umri mdogo kuliko reli ya Mombasa hadi Kisumu, na hilo si siri, kwani waelekezaji wa ngome hulieleza wazi, lakini ni maelezo yanayosahaulika upesi mbele ya mandhari yale. Hali ni hiyo hiyo katika ngome ya Duart iliyoko kisiwa cha Mull, ambayo akina Maclean waliipoteza mikononi mwa akina Campbell mwaka 1691, ikawa gofu, kisha ikanunuliwa mwaka 1911 na mkuu wa ukoo huo, Sir Fitzroy Maclean, akiwa na umri unaokaribia miaka 80, akaikarabati na mwaka uliofuata akawapokea humo Wamaclean kutoka pande nyingi za dunia.

Kwamba ngome mbili zilinunuliwa katika mwaka mmoja na watu wenye majina ya koo zilizohusiana nazo si ajali. Karne ya 19 ilikuwa imekwisha kuwatengenezea Waskoti sura mpya ya kale yao, hasa baada ya ziara ya Mfalme George wa Nne mjini Edinburgh mwaka 1822, ambayo mwandishi Walter Scott aliipanga kwa vazi la kitambaa cha mistari ya mirabaraba kiitwacho tartani, na viwanda vya kufuma vikaanza kuuza kila jina na mirabaraba yake kana kwamba mgawanyo huo ulitoka enzi za mababu. Vyama vya koo vilianzishwa Glasgow, kisha ng’ambo, na wajukuu wa watu waliohama na njaa wakajifunza kujiita watu wa ngome.

Kwa upande mwingine, mtu anayedai kuwa mmoja wa wahenga wake alimiliki ngome huenda anasema kweli bila kujua, kwa sababu za hesabu tu. Kila mtu ana wazazi 2, babu na bibi 4, na idadi hiyo ikiongezeka maradufu kila kizazi, nafasi za wahenga katika kizazi cha 20, yaani kiasi cha miaka 600 iliyopita, hufika 1,048,576, ilhali mchungaji Alexander Webster, aliyefanya hesabu ya kwanza ya kuaminika ya watu wa Uskoti mwaka 1755, alipata wakazi 1,265,380 nchi nzima. Maana yake ni kwamba mhenga mmoja hujaza nafasi nyingi katika shajara ya nasaba ya mtu mmoja, na kwamba ni vigumu kwa mtu mwenye asili ya Kiskoti kuwa hana kabisa tone la damu ya bwana fulani mwenye ngome. Ugumu uko katika kuthibitisha, kwani damu haiachi risiti. Wanasaba wa Marekani wana istilahi ya “mhenga wa lango”, wakimaanisha mhamiaji ambaye nasaba yake ya kikabaila imethibitishwa kwa nyaraka, na ambaye yeyote akimfikia kwa ushahidi hufunguliwa mlango wa vizazi vyote vya nyuma. Lakini malango hayo ni machache, na wengi wanaodai kuyapita wameruka ukuta.

Palipo na hamu kubwa na ushahidi mdogo hapakosi mfanyabiashara. Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden aliyeishi New York na kufariki mwaka 1942, alijipatia riziki kwa kuwaandikia matajiri wa Marekani nasaba zilizopambwa wahenga wa kubuni na nyaraka zisizokuwapo, na kazi zake zimenakiliwa mara nyingi mno hivi kwamba hadi leo makosa yake huibuka katika shajara za watu wasiowahi kulisikia jina lake. Ndugu yake mdogo, kwa lugha ya mafumbo, ni duka linalouza nembo ya familia ndani ya fremu. Kwa sheria ya Uskoti hakuna kitu kinachoitwa nembo ya familia, kwa maana nembo ni mali ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, huandikwa katika rejista iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1672 chini ya Mahakama ya Lord Lyon mjini Edinburgh, mahakama halisi yenye uwezo wa kumshtaki anayetumia nembo isiyo yake. Mwanaukoo wa kawaida anachoruhusiwa ni beji yenye kilemba cha nembo ya mkuu wake kilichozungushiwa mkanda wenye bizimu, kuonyesha kuwa yeye ni mfuasi na si mwenye nembo. Mkanda huo unasema ukweli zaidi kuliko vitabu vingi vya koo.

Njia inayofika haianzii kwenye ngome bali kwa marehemu wa karibuni kabisa, na katika jambo hili Uskoti imebarikiwa kuliko nchi nyingi. Usajili wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Januari 1855, na cheti cha kifo cha Kiskoti kinatakiwa kutaja baba na mama wa marehemu, pamoja na jina la ukoo alilozaliwa nalo mama huyo, hivi kwamba mzee aliyekufa mwaka 1860 akiwa na miaka 85 anaweza kuturudisha kwa wazazi waliooana kabla ya Marekani kutangaza uhuru wake. Vyeti vya mwaka 1855 wenyewe ni hazina ya pekee, kwa sababu waliobuni fomu za kwanza walitaka kujua mno, ikiwemo mahali walipozaliwa wazazi na habari za watoto waliotangulia, hata makarani wakazidiwa na fomu ikapunguzwa mwaka uliofuata. Mtu ambaye mhenga wake alizaliwa, kuoa au kufa Uskoti katika mwaka huo mmoja amepata bahati ya mtende. Kumbukumbu hizo, pamoja na daftari za sensa zinazotaja majina tangu mwaka 1841 na kufunguliwa kwa umma baada ya miaka 100, hutunzwa na Hifadhi ya Taifa ya Kumbukumbu ya Uskoti mjini Edinburgh na zinapatikana pia kwa malipo kwenye tovuti yake ya ScotlandsPeople.

Kabla ya mwaka 1855 mtafiti hutegemea daftari za parokia za Kanisa la Uskoti, ambamo ubatizo na matangazo ya ndoa viliandikwa. Daftari kongwe zaidi ni la parokia ya Errol, lililoanza mwaka 1553, lakini Errol iko katika tambarare yenye rutuba ya Perthshire, na katika Nyanda za Juu na visiwani, mahali ambapo wengi wa wageni wetu hutokea, daftari nyingi huanza mwishoni mwa karne ya 18 au hata katika karne ya 19, huku Wakatoliki wa visiwa kama Barra na South Uist wakiwa kwa kawaida nje ya daftari hizo. Utaratibu wa kutoa majina husaidia kidogo, kwa kuwa mwana wa kwanza kwa kawaida alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na binti wa kwanza la bibi mzaa mama, lakini utaratibu huo huo ndio unaozalisha watu watano wanaoitwa Donald MacRae katika bonde moja na mwaka mmoja. Hapo daftari la kanisa hunyamaza.

Ndipo ngome inaporejea. Wamiliki wa milki, yaani maeneo makubwa ya ardhi yaliyokuwa chini ya bwana mmoja, walitunza kwa uangalifu kitu ambacho kanisa halikukitunza, nacho ni orodha ya nani yuko shamba gani na anadaiwa nini. Mfano ulio bora ni wa Duke wa tano wa Argyll, mkuu wa akina Campbell, ambaye mwaka 1779 aliagiza kuandikwa kwa wakazi wa milki yake shamba kwa shamba, kutoka Kintyre hadi visiwa vya Mull na Tiree, wengi wao wakiandikiwa na umri. Maskini wa Tiree ambaye hakuwahi kuhukumiwa, kuandika wasia wala kujua kusoma anaonekana katika karatasi hizo na watu wa nyumbani mwake, miaka 62 kabla ya sensa ya kwanza ya serikali kutaja majina, na karatasi hizo zilinusurika kwa sababu zilikuwa mali ya ngome ya Inveraray. Serikali nayo, baada ya kuwashinda wafuasi wa akina Stuart katika uwanda wa Culloden tarehe 16 Aprili 1746, ilitwaa milki za wakuu walioasi, na kwa kuwa ilitaka kujua imepata nini, makarani wake wakapita mashambani wakiandika majina ya wapangaji.

Daftari za kodi zina upofu wake, unaotokana na mtu wa kati aliyeitwa taksmani. Huyu alikuwa ni mkodishaji mkubwa, mara nyingi binamu au mjukuu wa mkuu wa ukoo, aliyechukua eneo zima kwa mkataba, akawakodishia wakulima wadogo sehemu zake, na wakati wa vita akawa afisa wao; kwa sababu hiyo daftari la bwana mara nyingi humtaja yeye peke yake na kuwaacha watu hamsini waliomlipa yeye. Kwa mtafuta ngome, hata hivyo, taksmani ndiye habari njema, kwani mtu akithibitisha kuwa ametokana na taksmani, uwezekano wa kufika kwa mkuu wa ukoo ni mkubwa, kwa kuwa nasaba za watu wa daraja hilo zilihifadhiwa. Kwa akina MacRae, kwa mfano, ipo historia ya ukoo iliyochapishwa mwaka 1899 ambayo ilijengwa juu ya maandishi ya mchungaji aliyeishi karne ya 17, na anayefanikiwa kuunganisha ushahidi wake na tawi mojawapo lililomo humo hupata vizazi vingi kwa mkupuo mmoja.

Mara nyingine ngome hiyo hiyo iliyohifadhi jina la mhenga ndiyo iliyomfukuza. Kati ya mwisho wa karne ya 18 na miaka ya 1850 wamiliki wengi wa Nyanda za Juu waliwaondoa wapangaji wao ili kuweka kondoo, tukio linalojulikana katika historia kwa jina la Uhamishaji wa Nyanda za Juu. Katika milki ya Sutherland, iliyotawaliwa kutoka ngome ya Dunrobin, watu wa bonde la Kildonan waliohamishwa mwaka 1813 walikwenda hadi Mto Mwekundu huko Kanada, ambako leo mitaa ya jiji la Winnipeg ina jina la Kildonan, na mwaka uliofuata zamu ikawa ya Strathnaver, ambako msimamizi Patrick Sellar alichoma nyumba na kushtakiwa, kisha akaachiwa huru na baraza la wazee wa mahakama mjini Inverness mwaka 1816. Sanamu kubwa ya Duke wa kwanza wa Sutherland, iliyosimamishwa mwaka 1837, ingali juu ya mlima ulio karibu na Dunrobin, na mgeni anayefika kuitafuta asili yake hupita chini yake. Si wamiliki wote waliokuwa hivyo: Norman MacLeod wa Dunvegan, katika njaa iliyofuata kuoza kwa viazi mwaka 1846, aliwalisha watu wake hadi akafilisika na kwenda London kutafuta kazi ya ukarani.

Njaa hiyo ilizaa orodha nyingine ambayo watafiti wa Australia huithamini kuliko ngome yoyote. Kati ya mwaka 1852 na 1857 chama cha kuwasaidia wahamaji wa Nyanda za Juu na Visiwa kiliwasafirisha karibu watu 5,000 hadi Australia, na kwa kuwa wamiliki wa ardhi walitakiwa kuchangia gharama, makarani wa chama waliandika meli, jina la kila msafiri, umri, mahali alipoishi na jina la bwana mwenye ardhi hiyo. Katika mstari mmoja wa wino mtu na ngome yake vinakutana, naye akiwa ndiye anayeondoka. Vipimo vya vinasaba, ambavyo siku hizi hununuliwa kama dawa ya kikohozi, haviwezi kusema hayo. Vipimo vya kromosomu inayorithiwa na wanaume kutoka kwa baba vimeonyesha kuwa wakuu kadhaa wa akina MacDonald wana alama moja inayohusishwa na Somerled, mtawala wa visiwa aliyeuawa mwaka 1164, na vimeonyesha pia kuwa wanaume wengi wanaoitwa MacDonald hawana alama hiyo, jambo ambalo wasimulizi wa kipimo cha unga wangelisema bila maabara.

Mskoti ambaye jina lake linajulikana zaidi katika Afrika Mashariki anaweza kutumika kupima haya yote. David Livingstone, ambaye watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kutoka eneo ambalo sasa ni Zambia hadi Bagamoyo mwaka 1874, ana jina ambalo kitabu chochote cha koo kingelipeleka kusini, kwa mabwana Livingston wa Callendar karibu na Falkirk, waliokuwa na jumba la ngome na ambao binti yao Mary alimhudumia Malkia Mary wa Uskoti. Rekodi za familia zinaelekea upande mwingine kabisa. Jina la Kigaeli la watu wake lilikuwa “Mac an Léigh”, linalofasiriwa kuwa mwana wa tabibu, na “Livingstone” lilikuwa ni vazi la Kiingereza lililovishwa juu yake. Babu yake alikuwa mkulima mdogo katika kisiwa cha Ulva, kando ya Mull, aliyehama mwaka 1792 kwenda kutafuta kazi katika viwanda vya pamba vya Blantyre. Katika kitabu chake cha mwaka 1857 Livingstone alieleza kuwa babu huyo aliweza kusimulia habari za vizazi sita vya wazee wake. Hiyo ndiyo “sloinneadh”, na mwandishi wa historia anaweza kusikitika kwamba mtu aliyeandika kwa uangalifu kina cha mito na majina ya vijiji vya Wayao na Wamanyema hakumwandikia babu yake mambo hayo kwa urefu.

Hata mkuu wa Ulva hakuwa na fahari ya kuonyesha. Samuel Johnson na James Boswell, waandishi wawili waliolala kwake mwaka 1773, walimkuta MacQuarrie katika nyumba duni, akiwa amezongwa na madeni, na miaka minne baadaye kisiwa kikauzwa. Mwaka 1837 kilikuwa na watu 604, wengi wao wakiishi kwa viazi na kwa kuchoma mwani wa kutengenezea magadi. Baada ya viazi kuoza, mmiliki mpya, mwanasheria Francis William Clark, aliwaondoa wengi wao nyumba kwa nyumba, na kuta za nyumba hizo, zisizo na paa, zimesimama hadi leo katika vitongoji kadhaa vya kisiwa. Wakazi wa kaskazini-magharibi mwa Mull walikinunua kisiwa hicho kwa niaba ya jamii mwaka 2018, wakati ambapo waliokuwa wakiishi Ulva hawakufika kumi.